Wakuu, mashairi ya kale ya Kijapani mnayaingiaje? Mimi naona kama yanakatikia njiani

Mgosi wa Duga:

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Niko Tanga, Duga, kazi yangu ni lindo la usiku kwenye ghala moja huku, na usiku wenyewe mnaujua ulivyo mrefu, mpira ukiisha nabaki na simu tu nasoma soma chochote. Sasa juzi kati nikadondokea mashairi ya Kijapani ya zamani, yale mafupiii, la kwanza kukutana nalo ni la huyu Matsuo Basho la mwaka 1686, la chura. Nimejaribu kulipanga kwa Kiswahili changu, silabi tano, saba, tano kama walivyofanya wao:

Dimbwi la kale
chura aruka ndani
chubwi ya maji

Nikabaki nimeshika simu. Sawa, chura kaingia majini, halafu ikawaje? Yaani unasubiri mstari unaofuata, hauji. Lakini cha ajabu ni kwamba halitoki kichwani, nyuma ya ghala kuna karo la maji na vyura wapo wa kutosha, kila akitumbukia mmoja nalikumbuka, zamu nzima niko nalo tu.

Sasa naombeni msaada kwa anayeyajua haya mambo. Kuna jamaa kaniambia nianze na Genji, ile hadithi ndefu ya kale ya huko, nikafungua nikakuta kurasa elfu moja na ushee, kila mtu anaitwa kwa cheo, mara huyu kapandishwa cheo jina limebadilika, nikafunga kwanza. Kingine, mbona hayana vina? Na kwa mtu mwenye Kiingereza cha kidato cha nne kama mimi, anaanzia wapi? Msinijibu gugo, gugo nimeshaongea naye.

Dereva wa Pangani:

Mgosi lindo gani hilo la mashairi, siku ghala likibebwa utamwambia tajiri ulikuwa unamsikiliza chura 😂😂

Mzee wa Mizani:

Marahaba kijana. Mimi nitasema ninaloliona, mkitaka nitukaneni. Shairi bila vina kwangu ni habari tu, tena hiyo ya chura ni habari fupi. Hebu hesabu, mshororo mmoja wa shairi letu una mizani 16, nane na nane. Huyo Mjapani ana 17. Maana yake kaandika mshororo mmoja, akaongeza mizani moja ya bakshishi, akaenda kulala. Sisi tumetoka mji wa Shaaban Robert bwana, tumelelewa na beti za mishororo minne minne, vina vya kati na vya mwisho, kituo kinakaa pale unasema naam. Simkatazi mtu kusoma ila tusidanganyane kwamba ni kitu kimoja.

Bint Chumbageni:

Mzee Mizani shikamoo, nakuja kwako. Kwanza nianze na mtoa mada.

Kaka, umeuliza "halafu ikawaje", na umeuliza vizuri sana kwa sababu kipande kile kwa asili yake hakikukusudiwa kibaki peke yake. Basho hakujiita mwandishi wa haiku, jina hilo limeshika baadaye sana, miaka ya 1890, alipokuja Masaoka Shiki akalikata lile fungu likasimama lenyewe. Basho kafariki 1694. Kazi iliyomuweka mjini ilikuwa kufundisha na kuongoza mashairi ya kuungana, wanakaa watu chumbani, mmoja anatoa kipande cha 5-7-5, wa pili anakijibu na 7-7, wa tatu anajibu kile cha pili na 5-7-5 nyingine, wanaenda hivyo hadi vipande 36, na enzi za kabla yake walikuwa wanafika 100. Kwa hiyo unachokisoma wewe usiku ghalani ni kipande cha kwanza, cha kufungulia baraza. Ule mstari unaousubiri ilikuwa ni zamu ya mtu mwingine kuusema.

Tena huyo chura ana historia yake. Mwaka 905 kuna mkusanyiko uliamriwa na mfalme, unaitwa Kokinshu, una mashairi kama 1,100 hivi, na dibaji yake aliyoiandika Ki no Tsurayuki inasema ushairi mbegu yake ni moyo wa mtu, kisha anauliza, ukimsikia ndege kwenye maua na chura majini, kiumbe gani hai ambacho hakiimbi? Basi miaka mia saba na kitu chura wa Kijapani kazi yake ni kuimba tu. Kila mshairi chura wake analia, tena analia karibu na maua fulani ya njano yanaitwa yamabuki, imeshakuwa sheria. Inasimuliwa kwamba Basho alipokuwa ameshapata yale maneno ya chura kuruka, bado mstari wa kwanza hajaupata, mwanafunzi wake Kikaku akamwambia weka yamabuki. Yeye akaweka dimbwi la zamani. Hakuna maua, na chura hakuimba, kajirusha tu. Watu wa wakati ule walivyosikia walijua hapo kuna mtu kachokoza. Na shairi likatoka kwenye kitabu cha mashindano ya vyura, nasema kweli, chura wa huyu anapambanishwa na chura wa yule, raundi kwa raundi, mwaka huohuo 1686.

Mzee wangu Mizani, sasa niambie wewe uliyekulia kwenye malumbano, hiyo ni habari fupi au ni mtu kakuchokoza anasubiri umjibu?

Mzee wa Mizani:

Umenikamata pabaya binti. Mambo ya kupambanisha hayo hukuyasema mwanzo. Hebu nipe pambano moja la maana, siyo la vyura.

Mwl wa Maramba:

Wakati binti anatafuta, mimi nina la mgosi. Ndugu yangu umesema wewe ni mlinzi, basi kuna mashairi ya walinzi wenzako, tena ya zamani kuliko hao wote. Mkusanyiko wa Man'yoshu wa karne ya 8, una mashairi zaidi ya 4,500, wamo wafalme humo na wamo watu wa kawaida kabisa. Kitabu cha 20, cha mwisho, kuna mashairi ya askari waliokuwa wanatolewa mikoa ya mashariki, wanapelekwa mbali kusini magharibi kulinda pwani, kipindi cha miaka mitatu mitatu. Mwaka 755 ofisa mmoja ambaye naye ni mshairi, Otomo no Yakamochi, alikuwa anasimamia safari yao, akakusanya mashairi yao. Hawakuwa wasomi, wengine lahaja yao ya mashariki imeachwa vilevile humo ndani.

Kuna mmoja wao hili halijaniacha tangu nilisome, nalipanga kwa 5-7-5-7-7 ambao ndo ulikuwa urefu wa kawaida enzi hizo:

Pindo la nguo
watoto wameshika
huku walia
nimewaacha nyuma
nao hawana mama

Hapo mgosi hutauliza halafu ikawaje.

Mgosi wa Duga:

Daah. Ticha hili limenikalisha. Nimelisoma nikaenda kuzunguka ghala kidogo ndo nikarudi. Miaka elfu moja na mia mbili mtu analalamikia lindo. Mimi wangu wako kwa bibi yao Muheza mwezi huu, mama yao yupo lakini yuko kwenye biashara zake. Endeleeni wakuu nawasoma, Dereva wewe nyamaza.

Dereva wa Pangani:

Nimenyamaza mgosi. Hilo la watoto hata mimi limenishika.

Bint Chumbageni:

Mzee Mizani, pambano lako hili hapa, na kwa watu wa Tanga limekaa kama lilitungwa barabara ya nane.

Mwaka 960, ikulu ya mfalme Murakami, mashindano rasmi ya mashairi, upande wa kushoto na upande wa kulia, kila raundi inatolewa mada na kila upande una shairi lake, jaji anasema nani kashinda. Raundi ya mwisho mada ni mapenzi. Upande mmoja Taira no Kanemori, upande mwingine Mibu no Tadami. Kanemori anasema, mapenzi yangu nimeyaficha lakini yamejichora usoni mpaka watu wananiuliza una mawazo gani. Tadami anasema, hivi (nimelipanga mwenyewe, msinichambe):

Nasemwa kote
eti nimeshapenda
mji mzima
na mimi nilianza
mtu hakuambiwa

Jaji akakwama. Akamtazama mwenzake, naye kakwama. Mashairi yote mawili yako sawa, hakuna la kukosoa. Mfalme yupo nyuma ya pazia, hasemi kitu, kimya, halafu wakamsikia anajisomea taratibu lile la Kanemori mdomoni. Basi, ushindi ukaenda kwa Kanemori. Na inasimuliwa kwamba Tadami alirudi nyumbani hakula tena, akafa kwa kushindwa huko. Kama ni kweli alikufa au watu walinogesha, hiyo hadithi ndo imebaki. Karne ya 13 Fujiwara no Teika akachagua mashairi mia moja ya washairi mia moja, Hyakunin Isshu, hayo mawili akayaweka namba 40 na 41, yamekaa jirani mpaka leo.

Na mimi kwa roho yangu namuona Tadami ndo mshindi. Kanemori kaulizwa tu na watu, kistaarabu. Tadami kashasemwa! Nani hapa hajawahi kusikia habari zake mwenyewe saluni kabla hajazitenda.

Mzee wa Mizani:

Kwa nini hukuanza na hili? Nimelisoma mara kadhaa, mke wangu akaja akauliza mbona unacheka peke yako.

Mimi naungana na mfalme. La Kanemori lina mbele na nyuma, siri iko moyoni, dalili iko usoni, na watu wako nje wanauliza, imekaa ngazi tatu. Na kwa kuwa mnasema shairi hujibiwa, basi nami namjibu kwa sheria zangu, vina vikiwemo:

Nimelificha moyoni, penzi nisilolitaja,
Limenitoka usoni, peupe limeshakuja,
Wauliza, una nini? mbele yangu kila mja,
Siri haina makani, mapenzi yakikufuja.

Huyo ndo Kanemori akivaa kanzu.

Bint Chumbageni:

Mzee hapo umeua! Na ujue hauko peke yako, kuna Mwingereza anaitwa William Porter mwaka 1909 alitafsiri yote mia moja ya Hyakunin Isshu akayatia vina kwa nguvu, mstari wa pili, wa nne na wa tano. Wengi wanamsema kwamba kayaongezea maneno ili vina vikae, na ni kweli kayaongezea, ila kwa mgosi mwenye bando dogo kitabu chake kina faida moja, haki zake zimeisha muda, unakipakua bure, kila ukurasa shairi moja na maelezo mafupi. Ndo ningekupa cha kwanza kaka. Shairi moja kwa lindo, ukichoka unalala, samahani, unalinda.

Halafu hayo mia moja Wajapani wanayacheza karata. Mwaka mpya wanatandaza kadi chini, msomaji anasoma shairi kuanzia juu, kadi za chini zimeandikwa ule mkia wa 7-7 tu, anayelijua shairi anaipiga kofi ile kadi kabla mwenzake hajaiona. Kadi nyingine wazoefu wanazijua kwa silabi ya kwanza tu, msomaji hajafungua mdomo sawasawa kadi imeshapaa.

Kaole Kijana:

Naingia kutokea Bagamoyo. Mimi ni mtu wa ngoma, kwa hiyo mapokezi yangu ni masikio kwanza, na naona wote mnaongelea vya kusoma tu. Kuna Heike Monogatari, hadithi ya ukoo wa Taira ulivyopanda juu mpaka kumshika mfalme na ulivyoangushwa na ukoo wa Minamoto, vita vikaisha baharini, Dan-no-ura, mwaka 1185, mfalme wao mtoto mdogo Antoku bibi yake akamkumbatia akazama naye. Hii haikuwa ya kusomwa kimya. Walikuwa wanaighani vipofu, wanatembea na ala ya nyuzi inaitwa biwa, anapiga nyuzi, anaghani, ananyamaza, anapiga tena. Toleo linalosomwa zaidi ni la kipofu Kakuichi, aliisema mwenyewe ikaandikwa, 1371. Mzee Mizani ukisikia vile vipande vya vita na kimya chake katikati utasahau habari ya vina, utenzi kwetu hausomwi kama gazeti, unatiwa mahadhi, na wale ni hivyohivyo.

Na ndo nikaelewa shairi jingine la Basho. Alitoka Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1689 kwa miguu na mwanafunzi wake Sora, kwenda kaskazini, safari ya miezi kama mitano, akafika Hiraizumi. Hapo ndipo Yoshitsune, yule yule jemadari aliyewamaliza Taira, alipokuja kusalitiwa akafa mwaka 1189. Miaka 500 kamili. Basho akakuta hamna ngome, hamna mtu, nyasi tu. Kaweka kofia yake chini akakaa, anasema mwenyewe alilia mpaka akasahau muda.

Nyasi za joto
masalio ya ndoto
za mashujaa

Mimi nimekua napita magofu ya Kaole toka mtoto, tunafukuzana na mbuzi kwenye makaburi, nyie wa Tanga mna Tongoni pale njia ya Pangani na zile nguzo zilizoanguka. Nendeni na hilo shairi mkononi saa nane mchana majani yakiwa yamekauka, mtaniambia. Ila bila kujua Yoshitsune ni nani linakuwa nyasi tu, ndo maana mimi nasema hadithi kwanza, mashairi baadaye.

Bint Chumbageni:

Hapo kijana nakupinga kidogo, ukisema hadithi kwanza mgosi atarudi kule kule kwenye Genji akafunga kitabu tena.

Mgosi, Genji ni kitu kikubwa, sikatai, mwanamke Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11 kaandika sura 54, na ndani kuna mashairi karibu 800. Na hayo mashairi siyo mapambo. Watu wa ikulu ile walikuwa hawaonani, mwanamke yuko nyuma ya pazia, mwanaume anapeleka shairi. Karatasi rangi gani, imefukizwa udi gani, imefungwa kwenye tawi gani, mwandiko ukoje, yote yanasomwa kabla ya maneno, kama kwetu mtu anavyokuchagulia kanga na ukajua kabisa anachokwambia. Na kujibu lazima ujibu upesi, ukichelewa au shairi likiwa baya umeshajimaliza. Usipoyajua haya utaona ni mtu tajiri anatongoza tu kurasa elfu.

Kwa hiyo mimi nasema anza na mpinzani wake, Sei Shonagon. Hawa wawili walikuwa na mabosi wanaogombea mume mmoja, mfalme Ichijo, Sei yuko kwa malkia Teishi, Murasaki yuko kwa malkia Shoshi, sasa fikiria wenyewe. Murasaki kwenye shajara yake kamchamba mwenzake bila huruma, kwamba anajiona sana, anamwaga maandishi ya Kichina kila mahali na ukiyatazama vizuri yana kasoro. Ila Sei raha yake ni kwamba hana hadithi ndefu, ana vipande vipande. Mara orodha ya vitu vinavyokera: mgeni anayekuja na maneno mengi wakati una haraka, mbwa anayembwekea mpenzi aliyekuja kwa siri, na umelala usingizi unakuja mbu anapita usoni na kisauti chake chembamba. Mwaka 1000 huko! Mlinzi wa Tanga usipomuelewa huyu hutamuelewa yeyote.

Mwl wa Maramba:

Dada Sei ni mtamu kweli lakini mwenzio umemnyima mgosi Genji bila sababu. Nani kasema lazima aanze sura ya kwanza? Aruke vyeo vyote hivyo, aende moja kwa moja sura ya nne, Yugao. Genji anapita uswahilini, yaani mtaa wa watu wa chini, anaona maua meupe yametambaa ukutani, anamtuma mtu akachume, anatoka mtoto na feni ya mkono, ua limewekwa juu yake, na imeandikwa shairi. Hajui nani kaandika. Anajibu kwa mwandiko wa kuubadilisha ili asijulikane. Mapenzi yakaanza, hakuna anayemwambia mwenzake jina, mpaka siku akamchukua yule dada akampeleka jumba moja kubwa limehamwa, majani mpaka mlangoni. Usiku Genji anaota mwanamke yupo kichwani kwao analalamika, anaamka, taa zimezimika, anaita walinzi (wewe huyo mgosi), mlinzi anapita anavumisha uzi wa upinde kufukuza mabaya, wanaleta mwanga, yule dada wa watu hapumui.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jumba lililohamwa lina nini ndani. Na ipo tafsiri ya bure ya Mjapani Suematsu, ya 1882, ina sura 17 za kwanza, hiyo ya nne imo. Kiingereza chake ni cha kizee lakini hadithi inapita. Ukiwa na hela tafuta ya Royall Tyler ya 2001, ina maelezo chini ya ukurasa ya nani ni nani.

Mgosi wa Duga:

Ticha umeniwekea jini sura ya nne halafu unajua mimi niko lindo peke yangu usiku, asante sana 😂 Basi nimepanga hivi, Porter nimeshapakua tayari, Sei nitamtafuta, Yugao nitasoma mchana.

Ila hii habari ya Bint kwamba kile kipande cha kwanza kinasubiri mtu, mbona tusijaribu hapa? Nauliza tu, yana masharti gani?

Bint Chumbageni:

Tujaribu! Masharti machache tu kwa leo. Kipande cha kwanza lazima kiwe na neno la msimu uliopo, Basho angekuwa Tanga asingehangaika na theluji, angeshika kusi, kaskazi, vuli, masika, embe, vyote vipo. Anayejibu anajibu kipande kilicho juu yake tu, na ukifika cha tatu ni marufuku kurudi kwenye mambo ya cha kwanza. Lazima mwendo usogee. Anza mwenye uzi.

Mgosi wa Duga:

Kusi lavuma
mlinzi na redio
haina betri

Bint Chumbageni:

mpira ulifika
dakika ya tisini

Dereva wa Pangani:

Hahahaha hii inauma, imeshanikuta

Kaole Kijana:

Kiwanja wazi
mbuzi warudi kula
nyasi za goli

Mwl wa Maramba:

Safi, lindo limeshatoka, redio imetoka, tuko na mbuzi. Lakini Kaole wewe mbuzi unawapenda, juzi makaburini leo golini.

Mzee wa Mizani:

mwenye mbuzi yu wapi
kalala saa ngapi

Ndiyo, nimetia vina. Hamkusema ni marufuku.

Bint Chumbageni:

😂😂 Mzee hatukusema. Haya kinachofuata ni cha tano, 5-7-5, na kwenye ile minyororo ya vipande 36 cha tano ndo nafasi ya mwezi, kwa hiyo mwezi uingie, na mbuzi ndo basi tena wasionekane. Nani?

Dereva wa Pangani:

Subirini jamani, mbuzi ameshatoka? Mimi nilikuwa tayari nimeandika cha mbuzi, tena silabi zimetimia

Mzee wa Mizani:

Mgeuze mbuzi awe mwezi, upesi, kuna watu wanangoja zamu.